Ziwa lililopotea kwa dakika 28: uchambuzi wa kisa cha flashi kwenye harusi ya ufukweni Mwanza

Picha namba 0412 ilipigwa saa 12:44 jioni. Maharusi wamesimama kwenye nyasi, mgongoni kwao ziwa, jua limebakiza vidole viwili kuzama ng'ambo ya ghuba, mawe yaliyo majini yameshika rangi ya chungwa na nyuso zinaonekana vizuri. Picha namba 0497 ilipigwa saa 1:12, pale pale, watu wale wale, kamera ile ile. Nyuma yao hakuna kitu. Si ziwa, si mawe, si anga. Weusi mtupu, kama vile wamesimama mbele ya kitambaa cha studio. Mama wa bibi harusi alipoziona aliuliza: "Sasa mwanangu, bustani ya ziwani tuliilipia ya nini?" Kisha akatoa simu yake. Alikuwa amepiga picha saa 1:05, bila flashi, yenye chenga na nyuso nyeusi, lakini ziwa lipo, la zambarau, na mstari wa chungwa juu yake.

Mpiga picha, kijana ambaye hajamaliza miaka miwili kazini, alijitetea kwa maelezo ambayo karibu kila anayejifunza flashi hupitia: flashi ilikuwa kali mno, ikalimeza ziwa. Na hapo hapo akaongeza jambo ambalo linavunja utetezi wake mwenyewe: aliipunguza mara mbili, na ziwa halikurudi.

Vifaa na jioni yenyewe

Kamera ni ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachopokea mwanga), megapikseli 24. Lenzi mbili: 50 mm f/1.8, na ile inayokuja na kamera, 18–55 mm. Flashi moja ya kukaa juu ya kamera, yenye TTL, yaani inapiga mwako mdogo wa kupima kabla ya mwako wenyewe, kamera inasoma kilichorudi kupitia lenzi, halafu inaamua nguvu. Betri 4 za kuchaji ndani ya flashi, na 4 za dukani za kutupa kama akiba. Hakuna triga (ya kuwasha flashi ikiwa mbali na kamera), hakuna mwamvuli, hakuna msaidizi. Faili zote JPEG, yaani zilizobanwa na kamera, si ghafi.

Boksi la flashi limeandikwa GN 60. Namba hiyo isomwe kwa tahadhari. Ni namba ya mwongozo, yaani kipimo cha nguvu ya flashi, kwa mita na ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), kichwa cha flashi kikiwa kimebana mwanga kwa lenzi ya 200 mm, ambayo harusini huitumii. Ukikifungua kichwa hadi 35 mm ili mwanga uwaenee watu wawili na mapambo yao, flashi hiyo hiyo inabaki na 36 hivi. Gawa kwa umbali upate tundu la lenzi: 36 kwa mita 3 ni f/12, kwa nguvu zote. Hesabu hii ya darasa la nne ndiyo itakayotufungulia kisa kizima.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, bustani ya ufukweni upande wa Capri Point, yenye ukumbi wa wazi pembeni. Ratiba ya kamati iliandika picha saa 11:30. Maharusi walifika saa 12:35, jambo lisilomshangaza yeyote anayezijua harusi zetu. Jua lilizama saa 12:53.

Hapa pana jambo ambalo mpiga picha wa Mwanza anapaswa kulijua kama anavyojua nauli ya daladala. Saa yetu ni moja na ya Dar, lakini sisi tuko magharibi zaidi, kwa hiyo jua la Mwanza huzama takriban nusu saa baada ya lile la Dar: mapema kabisa ni kama saa 12:38, mwanzoni mwa Novemba, na kwa kuchelewa kabisa ni kama saa 1:08, mwezi Februari. Likishazama, giza haliji kwa kunyata. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, digrii moja kila dakika nne, na ile nuru nzuri ya baada ya machweo inakuwa imekwisha ndani ya dakika ishirini na kitu. Anayefundishwa na video za watu wa Ulaya kwamba "saa ya buluu" ni ya kustarehe ajue huku kwetu si saa, ni dakika za kuhesabu.

Namba ambazo hazikuguswa

Picha tano za mwanzo alipiga kwa P, ambapo kamera hujichagulia shata na tundu. Kamera ikapima suti nyeusi na nyasi zilizokuwa kivulini, anga likatoka jeupe. Akahamia M, ambapo mpiga picha huchagua mwenyewe, akaweka ISO 100, shata 1/200 (sehemu ya sekunde ambayo kamera hubaki wazi), tundu f/8 (namba ikipungua, tundu linapanuka), flashi akaiacha kwenye TTL. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, na unastahili kusifiwa kabla hatujaulaumu. Kwa mwanga wa saa 12:44, anga la magharibi lilitoka chini kidogo ya kawaida, nusu stopu hivi (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu), na upungufu huo ndio uliolipa anga rangi nzito na kuacha nyuso zitawale picha.

Kosa ni kwamba namba hizo tatu hazikuguswa tena. Si saa 12:53, si saa 1:03, si saa 1:12, wala ukumbini hadi saa 4 usiku.

Kila picha ya flashi ni picha mbili zilizolaliana. Ya kwanza ni ya mwanga wa mazingira: anga, ziwa, taa za ukumbi. Hiyo inatawaliwa na mambo yote matatu, ISO, tundu na shata. Ya pili ni ya flashi, na hiyo shata haiigusi, kwa sababu mwako wenyewe ni mfupi kuliko shata: kwa nguvu zote unachukua kama 1/300 ya sekunde, na kwa nguvu ndogo unashuka hadi sehemu ya maelfu. Shata ikae wazi 1/200 au 1/50, flashi imeshamaliza kazi yake zamani. ISO, tundu, umbali na nguvu ya flashi vinaamua uso. Shata inagusa ziwa tu, si uso.

Sasa iweke jioni ile kwenye mizani hiyo. Saa 12:53 anga lilikuwa limeshuka, na kwa namba zile zile likatoka stopu moja na nusu chini. Bado zuri, pengine zuri zaidi. Saa 1:03 likawa stopu 4 chini: kilichobaki ni mstari mwekundu juu ya maji. Saa 1:12, stopu 7. JPEG haina cha kukuonyesha huko chini. Anga lilipoteza zaidi ya stopu 6 katika dakika 28, yaani lilibaki na chini ya sehemu moja ya 64 ya mwanga wake.

Na flashi? Maharusi walisimama mita 2.5 kutoka kwenye kamera. Tundu 8 mara mita 2.5 ni 20. Flashi ina 36. Inahitaji kama theluthi ya nguvu yake, na TTL iliitoa theluthi hiyo hiyo picha baada ya picha, kwa sababu umbali haukubadilika, tundu halikubadilika, ISO haikubadilika. Mwanga wa flashi usoni saa 12:44 na saa 12:57 ni ule ule. Kilichoondoka ni anga, na hakuna aliyelifuata.

Saa 12:58 alishusha fidia ya flashi (agizo kwa TTL itoe pungufu au zaidi, kwa stopu) hadi −1. Saa 1:05, hadi −2. Ukifungua picha hizo unaona nyuso zinafifia hatua kwa hatua huku ziwa likizidi kuwa jeusi. Kwa nini alishusha? Kioo cha nyuma cha kamera gizani hung'aa kuliko kilivyo, na uso uliozungukwa na weusi huonekana umeungua hata ukiwa sawasawa. Jicho lilimdanganya. Histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha kutoka weusi kushoto hadi weupe kulia, isingemdanganya: mlima wote ulikuwa umeegemea kushoto, na kulia hakukuwa na kitu kilichogonga ukuta. Tabia ya kutazama picha badala ya histogramu ndiyo tunayoiona ghali kuliko zote kwenye kazi za usiku.

Wapo watakaouliza kwa nini asingepandisha shata badala yake. Kwa flashi iliyokaa juu ya kamera, isiyowashwa mwendo kasi, kamera yenyewe inakufungia kwenye 1/200 au 1/250, kwa sababu juu ya hapo pazia la pili la shata linaanza kufunga kabla la kwanza halijafika, na kwa triga za bei nafuu unapata ukanda mweusi unaokata picha upande mmoja. Mwendo kasi unatatua hilo kwa kugawa mwako kuwa mfululizo wa miako midogo, lakini unakula stopu 2 na zaidi za nguvu. Ni dawa ya saa 10 alasiri unapotaka f/2 juani. Saa 1 usiku ni kutafuta maji mlimani: unachohitaji ni shata ishuke.

Ukumbini

Namba za ufukweni ziliingia ukumbini bila kubisha hodi. ISO 100, f/8, 1/200. Meza kuu iko mita 4. Tundu 8 mara 4 ni 32, na flashi ina 36. Kila picha sasa, fidia ikiwa sifuri, inadai karibu nguvu zote, na hapo matatizo manne yalizaliwa kwa pamoja ingawa mteja aliyaona kama makosa manne tofauti.

La kwanza, betri. Kwa nguvu zote, betri nzuri za kuchaji hurudisha flashi kwa sekunde 3 hivi. Zile za akiba, za kutupa, zina volti 1.5 dhidi ya 1.2 na mtu hudhani ni bora; lakini ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, hazitoi mkondo wa haraka, na baada ya miako michache ya nguvu zote muda wa kurudi unakwenda sekunde 8, 10, kisha flashi inapata joto na kujizuia yenyewe. Kulishana keki kulichukua chini ya nusu dakika. Kuna picha 6, na 4 kati yake ni nyeusi.

Linganisha na ISO 1600 na f/4. Kutoka ISO 100 hadi 1600 ni stopu 4. Kutoka f/8 hadi f/4 ni stopu 2. Jumla 6. Mwanga ule ule usoni ungepatikana kwa 1/64 ya nguvu badala ya nguvu zote. Flashi inayofanya kazi kwa 1/64 inarudi kabla hujaondoa kidole, haipati joto, na betri 4 zinaumaliza usiku. Anayesema "flashi yangu ni dhaifu" aulizwe kwanza ISO yake ni ngapi.

La pili, kina cha ukumbi. Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali: aliye mita 2 akipata kiasi kinachomtosha, aliye mita 4 anapata robo, aliye mita 8 anapata sehemu moja ya 16. Kwenye picha za meza kuu, shangazi aliyepita mbele na sahani ameungua, maharusi wako sawa, na ukoo mzima ulioketi nyuma haupo. Hilo haliponyeki kwa kuongeza nguvu, maana shangazi ataungua zaidi. Linaponyeka kwa kuuachia mwanga wa ukumbi uingie: ISO juu, shata chini, ili nyuma ya mita 6 taa za ukumbi zifanye kazi ambayo flashi haiwezi.

La tatu, mwelekeo. Kwa kuwa nguvu zote zilikuwa zimeshatumika, hakukuwa na akiba ya kudundisha mwanga juu. Flashi ikabaki inawatazama watu machoni. Lakini hata angekuwa na akiba, ukumbi ule haukuwa rahisi. Dari ni ya mbao za vanishi, chini yake zimetandazwa vitambaa vya zambarau na dhahabu. Ukidundisha kwenye zambarau, bibi harusi anakuwa zambarau, na rangi hiyo haitoki vizuri kwenye kompyuta kwa sababu iko usoni lakini haiko kwenye taa za nyuma. Upande wa ziwa hauna ukuta kabisa: elekeza flashi kule na mwanga unakwenda zake Ukerewe. Kilichokuwepo ni ukuta mmoja mweupe nyuma ya DJ, na kitambaa cheupe cha nyuma ya keki. Kwa zile dakika za keki, kugeuza kichwa cha flashi kushoto nyuzi 90 na kukilenga kitambaa hicho kungetoa mwanga mpana wa ubavuni, kama wa dirishani. Kudundisha hula stopu 2 hadi 3. Kutoka 1/64 unapanda hadi 1/16 au 1/8. Inawezekana, ikiwa ISO iko juu. Mahali pasipo kitu cheupe, mtu mmoja wa kamati ashike kiakisi cheupe cha kukunja cha upana wa mita moja, mita moja na nusu kutoka kwako, juu ya kichwa. Ni kijana, soda moja, na tofauti kubwa kuliko lenzi mpya.

La nne, taa. Taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Kwa 1/200 baadhi ya picha zina mistari ya giza na mwanga nyuma ya watu. Kwa 1/100 au 1/50 kila picha inabeba mpepeso mzima na mistari inakwisha. Kwa hiyo pa kuanzia kwenye ukumbi wa aina hii ni ISO 1600, f/4, 1/100. Piga moja bila flashi, hakikisha nyuma imetoka chini kwa stopu moja na nusu hivi, ndipo uwashe flashi.

Rangi nayo isisahaulike. Taa za mapambo zilikuwa za njano, kama kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni njano, kubwa ni buluu); flashi ni 5500. Nyuso zimetoka za baridi na nyuma ni chungwa kali. Karatasi ya rangi ya chungwa mbele ya flashi, ile inayoishusha hadi 3200, na kamera ikawekwa kwenye alama ya balbu, vinapatana. Plastiki ya peremende inaweza kukuokoa siku moja, ila hujui itakupa rangi gani, na kwa nguvu zote inaweza kuyeyuka.

Uso mweupe na shingo nyeusi

Lalamiko moja la familia halikuhusiana na namba zozote, na wapambaji na wapiga picha hulaumiana kwalo bila kuelewana. Kwenye picha za ukumbini bibi harusi ana uso wa kijivu-cheupe, hasa chini ya macho, na shingo ya rangi yake halisi. Ana kwa ana hakuwa hivyo. Kwenye picha za simu hakuwa hivyo.

Hiyo ni poda. Poda nyeupe za kumalizia zenye silika, na vipodozi vyenye kinga ya jua ya titani au zinki, hazionekani kwa macho lakini hurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja ulikotoka. Flashi ikiwa juu ya lenzi, ulikotoka ni pale pale ilipo lenzi. Ikidundishwa au ikiwekwa pembeni, mwanga unaorudi unaikosa lenzi na uso unabaki wa kawaida. Dawa ya gharama ndogo ni picha moja ya majaribio kwa flashi ya usoni, chumbani kwa mpambaji, wakati bado kuna muda wa kufuta.

Bwana harusi alikuwa na tatizo kinyume: ngozi nyeusi, joto, jasho, na mng'ao mkali kwenye paji la uso na pua. Hapo wengi hushusha flashi, na uso wote unazama huku ule mng'ao ukibaki. Mng'ao ni taswira ya taa yenyewe ikijitazama kwenye ngozi yenye unyevu. Taa ndogo, taswira ndogo na kali. Taa pana, taswira pana na laini, na hiyo ndiyo inayochora mashavu ya mtu mweusi vizuri kuliko poda yoyote. Tishu ya kugusia, si ya kusugua, iwe mfukoni mwa mpambe.

TTL nayo ina upofu wake. Shela ikijaa kwenye fremu, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza flashi, na uso unatoka mweusi: ongeza fidia +2/3. Wasimamizi wanne wa suti nyeusi wakijipanga, inaongeza flashi na nyuso zinaungua: punguza −2/3. Kwenye kisa hiki fidia ilibaki −2 iliyowekwa ufukweni hadi saa 2:20 usiku, kisha ikarudishwa sifuri na kuachwa hapo.

Kuna pia zile duara nyeupe zinazoelea kwenye picha za bustanini za baada ya saa 1. Mteja alidhani lenzi ni chafu. Ni wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi na kufuata taa. Wakipita karibu na lenzi, flashi ya juu ya kamera inawamulika wakiwa hawako kwenye fokasi. Sogeza flashi mbali na lenzi hata sentimita 60, na usisimame chini ya taa ya bustani.

Kilichookolewa

Kidogo. Picha za hadi saa 12:57 zilihitaji kupandisha anga kwa stopu moja, na JPEG ilivumilia. Za saa 1:03 zilipopandishwa stopu 3, anga likagawanyika kuwa mabaka na ngazi za rangi. Faili ghafi zingeruhusu zaidi, lakini hata zenyewe haziwezi kurudisha stopu 7. Za keki, zile 4 nyeusi zilitupwa. Mabishano ya malipo yaliishia kwenye suluhu ya kawaida: picha za ufukweni zirudiwe bure, wikendi iliyofuata, nguo zikiwa bado hazijarudishwa zilikokodiwa.

Marudio

Safari hii flashi ilitoka juu ya kamera: triga mbili za redio, mwamvuli mweupe wa kupenyeza mwanga wenye upana wa mita moja, mita 1.8 kutoka kwa maharusi, kushoto kwa kamera na juu kidogo ya vichwa vyao. Stendi iliachwa kwenye gari. Upepo wa jioni unaotoka ziwani hubeba mwamvuli kama tanga, na mfuko wa mchanga wa kilo 5 hautoshi kila siku. Mdogo wa bwana harusi alishika fimbo, mgongo wake ukiwa upande wa upepo. Flashi kwenye M, si TTL, kwa sababu umbali haubadiliki na unataka kujua kila badiliko limetoka wapi.

Utaratibu ulikuwa mmoja, ukirudiwa kila dakika tatu: zima triga, piga anga peke yake, rekebisha mpaka histogramu ionyeshe anga likiwa chini kwa nusu stopu hadi stopu moja, washa triga, rekebisha nguvu ya flashi. Kabla ya machweo badilisha tundu. Baada yake, tundu likifika f/4 liache hapo ili wote wawili wabaki kwenye fokasi, upandishe ISO, na shata ndiyo ishuke mwisho.

Saa 12:44: ISO 100, 1/200, f/8, flashi 1/2. Namba za kamera ni zile zile za wiki iliyotangulia.

Saa 12:53: ISO 100, 1/200, f/5.6, flashi 1/4.

Saa 1:03: ISO 200, 1/200, f/4, flashi 1/16.

Saa 1:12: ISO 800, 1/100, f/4, flashi 1/64.

Fuata safu ya flashi kutoka juu hadi chini. Kadiri giza lilivyoingia ndivyo flashi ilivyopungua, kinyume kabisa na silika ya anayejifunza, ambaye usiku ukiingia hutafuta taa kubwa zaidi. Mwanga wa flashi haukupunguzwa ili kulinda ziwa. Kamera ilifunguliwa ili ziwa liingie, na flashi ikapunguzwa ili nyuso zisiungue kwa ajili ya kufunguliwa huko. Kwa 1/64 mwako ni hafifu kiasi kwamba maharusi waliuliza kama umewaka.

Kwenye picha ya saa 1:12 ziwa ni la buluu nzito, mawe yanaonekana kwa mstari wa juu tu, na mbali kuna nukta tatu za taa za wavuvi wa dagaa. Karatasi ya chungwa, ile ya nusu, ilikuwa mbele ya flashi, na kamera kwenye kelvini 3800: nyuso zikabaki za joto na anga likasukumwa kwenye buluu kuliko lilivyoonekana kwa macho. Kasoro moja ilibaki. Bwana harusi safari hii alivaa miwani yake, na kwenye kioo cha kushoto mwamvuli mzima umejichora, mbavu zake zikihesabika. Mshika fimbo alipaswa kuupandisha sentimita 30 zaidi, na mikono ya miwani iinuliwe kidogo juu ya masikio ili vioo viiname kuelekea chini. Ilifanyika kwenye picha mbili zilizofuata, lakini wakati huo nukta za wavuvi zilikuwa zimejificha nyuma ya jiwe.